Karibea ya Shemeji Agapiti

Mektilda Luhende (Mama Limi),
Kiwanja Namba 7,
Kisiwa cha Nyabuhele,
Chato.

Jumanne, wiki ya pili baada ya Pasaka.

Mkurugenzi,
Kampuni ya Viwanja Peponi,
Chumba cha nyuma, duka la dawa za mifugo,
Masumbwe.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KIWANJA AMBACHO HAKIFANANI NA PICHA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kabla ya yote natumaini u mzima, na kama u mzima, natumaini hali hiyo itaendelea angalau mpaka umalize kusoma.

Ningeweza kukuita shemeji, maana ndivyo ulivyo: mdogo wake marehemu mume wangu Theonest, uliyekula kwangu bila kulipa tangu ukiwa huna ndevu. Lakini nilipokuja kwenye kikao cha ukoo mwezi wa kumi na mbili na swali langu kuhusu kiwanja, ulisimama, ukafunga kifungo cha koti, ukasema, "Shemeji, mambo ya ukoo ni ya ukoo. Mambo ya kampuni yaletwe kwa maandishi." Basi haya ndiyo maandishi. Nimetumia karatasi za daftari kubwa ili usiseme hukuyaona.

Kwa faida ya karani wako, ambaye najua hufungua barua kabla yako na kuzisoma kwa sauti, nieleze tulikotoka. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa na mgahawa Masumbwe, kando ya barabara kuu, kwenye kiwanja alichoniachia Theonest. Niliwapikia wachimbaji wa dhahabu, watu ambao ukiwachelewesha ugali wanaanza kutafuta pa kuchimba hapohapo mezani. Mwaka jana magoti yakaanza kunisumbua. Daktari akaniambia nipumzike. Wewe hukukawia. Ulikuja siku ya pili yake na kipeperushi.

Kipeperushi ninacho. Juu kimeandikwa KARIBEA YA KANDA YA ZIWA. Pana picha ya mwanamke wa Kizungu mwenye miguu mirefu, amelala kwenye kitanda cha bembea kilichofungwa kati ya minazi miwili, na nyuma yake maji ya buluu kama mlango wa zahanati. Nilikuuliza, "Shemeji, Karibea ndiyo nini?" Ukasema, "Ni visiwa wanakokwenda Wazungu wakishachoka na pesa." Nikasema, "Mimi pesa sina." Ukasema, "Lakini umechoka, Shemeji. Nusu ya safari umeshaimaliza."

Tukabadilishana. Wewe ukachukua kiwanja cha Masumbwe pamoja na mgahawa, mimi nikapewa Kiwanja Namba 7 hapa Nyabuhele, pamoja na hati yenye muhuri wa nyota tatu. Wazee wa ukoo wakashuhudia. Walisema mjane hana haja ya kiwanja cha mjini. Hakuna aliyesema mjane ana haja ya kisiwa, ila hilo halikujadiliwa kwa sababu pilau ilikuwa imeiva. Pilau nilipika mimi.

Sasa nina miezi saba hapa. Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo.

1. Ufukwe mweupe.

Kipeperushi kilisema "ufukwe mweupe kama maziwa". Ni mweupe, sikatai. Siku ya kwanza nilishuka kwenye mtumbwi nimevaa kofia pana ya ukili niliyoshonewa kwa ajili ya siku hiyo, nikasimama mbele ya mawe meupe yanayong'aa, nikavuta pumzi ndefu. Kisha nikaacha kuvuta.

Ndugu Mkurugenzi, naomba nitumie lugha ya kiofisi: ni kinyesi. Ni kinyesi cha minandi, ndege weusi wenye shingo ndefu ambao hula samaki kutwa nzima na wana mahali pamoja tu pa kujisaidia, napo ni ufukwe wa kampuni yako. Mmoja wao aliniona, akaiona kofia, akaamua kunikaribisha. Nilimwuliza mwenye mtumbwi mchanga uko wapi. Akasema, "Upo, Mama, upo chini. Ukikwangua miaka kumi utaufikia."

Minazi haipo. Upo mgomba mmoja, wa Mzee Boaz. Nao haufungiki kitanda cha bembea. Nilijaribu. Tulianguka wote watatu: mimi, kitanda na mgomba.

2. Magofu ya kale.

Ni kuta nne za mawe zisizo na paa, zimeishia kwenye lenta. Ni choo. Mzee Boaz, mwenyekiti wetu wa kitongoji, alianza kukijenga mwaka ule ambao mradi fulani ulileta saruji ukaondoka kabla ya kuleta mabati. Hajawahi kukimalizia, lakini wanakitumia.

Mwezi wa pili ulituletea walimu kumi na wawili kutoka Kishapu, watu wazima wanaotafuta viwanja vya kustaafia. Kiongozi wao alikuwa mwalimu wa historia. Alisimama mbele ya ukuta, akaeleza kwa kirefu kwamba ile ilikuwa ngome ya Wajerumani, akawaonyesha tundu ambalo askari walitolea bunduki. Wenzake wakajipanga kupiga picha kupitia tundu lile. Ndipo sauti ya mama mtu mzima ikatoka ndani: "Subirini basi, Mjerumani hajamaliza!"

Alikuwa Mama Mariana, mke wa mwenyekiti. Alitoka amenyoosha kanga, akawasalimia mmoja mmoja kwa mkono, na wao wakapokea kwa sababu ni walimu na wana adabu. Tangu siku hiyo haingii kule bila kuimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya juu, ili wageni wajue kuna mtu. Sauti yake ni mbaya, Ndugu Mkurugenzi, na tumbo lake linamsumbua. Kisiwa kizima tunateseka, na hakuna kati yetu anayethubutu kumwambia mke wa mwenyekiti abadilishe wimbo.

3. Wanyama adimu katika mazingira yao ya asili.

Mnyama ni mmoja. Mazingira yake ya asili ni Kiwanja Namba 7.

Ni kiboko dume, wa makamo, sikio moja limechanika. Kila jioni anatoka majini, anapita katikati ya bikoni zako nne za mpaka kwenda kula majani ng'ambo, na alfajiri anarudi palepale bila kuomba radhi. Nilikwenda kushtaki kwa Mzee Boaz. Akasema, "Mama Limi, njia hiyo ni yake. Wazee wetu walimkuta babu yake akiitumia." Nikamtolea hati yenye muhuri. Aliisoma mbele, akaigeuza akaisoma na nyuma ambako hakuna kitu, akanirudishia, akasema, "Nenda kamsomee."

Imenibidi kujenga nyumba yenye kona, imekunjwa kama kiwiko, ili mwenzangu apate kupita. Fundi alisema katika maisha yake yote hajawahi kujenga nyumba inayompisha mtu.

Watoto wa hapa wamempa jina. Wanamwita Mkurugenzi. Asubuhi nikiwa bado kitandani nasikia, "Mkurugenzi ameamka!" na baada ya muda kidogo, "Mkurugenzi amejisaidia njiani!" Nataka ijulikane kwamba mimi sikutoa jina hilo. Nilikitaja tu cheo chako siku moja nikiwa na hasira, nao walikuwa karibu.

4. Fursa za biashara ndogondogo.

Hapa naomba ukae vizuri, maana ndipo nilipoumizwa zaidi. Mimi nilikuja kupumzika. Imo kwenye mkataba: "kiwanja cha mapumziko". Kuna barua ya daktari.

Watu wa kisiwa hiki wanakula samaki. Asubuhi samaki, mchana samaki, jioni mchuzi wa yule samaki wa mchana. Wiki ya pili nikawa na hamu ya chakula cha kwetu. Nikachemsha michembe niliyokuja nayo, yale mapande ya viazi vitamu yaliyokaushwa juani, nikaivuruga na karanga za kutwanga. Chakula changu, chungu kidogo, sikualika mtu. Harufu ikatoka. Mara mvuvi mmoja, mtu mzima mwenye mikono kama makasia, akasimama mlangoni akasema, "Shikamoo Mama. Mama yangu mzazi alikuwa mtu wa Kishapu. Harufu hii sijaisikia tangu tumzike."

Wewe ungefanyaje? Wewe najua. Mimi nilimpa sahani.

Kesho yake wakaja wanne. Keshokutwa nikakuta benchi nje ya mlango wangu. Mpaka leo sijui nani aliliweka. Wiki iliyofuata mtu akagongelea ubao umeandikwa KARIBEA KWA MAMA LIMI, herufi ya R ikitazama upande usio wake. Sasa naamka alfajiri, nachemsha michembe, naloweka maharage, nakaanga chapati, naamrisha watu wazima wanawe. Magoti, ambayo ndiyo yaliyonileta huku, yameacha kuuma bila kunishauri, na sina tena hata kisingizio cha kukaa.

Kinyozi wetu, ambaye pia ndiye muuza vocha na mchaji wa simu, amenilalamikia kwamba foleni yangu imemziba mlango. Kabla sijaja, Nyabuhele haikujua foleni. Hili nalo nalipeleka kwako.

4 (bado). Namba nne haijaisha. Yule mwalimu wa historia alirudi mwezi uliopita, peke yake. Nilidhani amekuja kumwomba radhi Mama Mariana. Kumbe amekuja kuchukua Kiwanja Namba 8. Nikamwambia ukweli kuhusu ndege, nikamwambia kuhusu kiboko. Akasema, "Hayo nimeyaona, Mama. Nimekuja kwa ajili ya michembe." Yaani katika vivutio vyote ulivyovichapisha kwa rangi, kivutio cha kweli ni kimoja, nacho kinapika. Halafu anayefaidi ni kampuni. Sijawahi kuajiriwa na mtu bila kujua, hii ni mara ya kwanza.

5. Majirani wastaarabu.

Jirani yangu wa Namba 6 anaitwa Valerian. Ni fundi wa injini za mitumbwi, mgane, tunalingana umri. Kila asubuhi anapita mlangoni na kusema, "Mwangaluka, mayu," kwa Kisukuma chake cha Sengerema, kana kwamba mimi ni mama yake, huku macho hayasemi hivyo. Amenitengenezea mlango ambao haukuwa umeharibika. Ameniletea stuli. Ameziba tundu la bati ambalo nilikuwa nikilitumia kuangalia hali ya hewa.

Siku moja aliniambia, "Mama Limi, huyo kiboko akikusumbua, niite." Nikamjibu, "Na wewe ukinisumbua nimwite nani?" Akageuza spana mkononi, kisha akasema, "Mwite kiboko."

Nilicheka, Ndugu Mkurugenzi. Nilicheka mbele ya wateja, mwiko mkononi, mjane wa miaka hamsini na minane niliyekuwa katibu wa akina mama wa kigango kwa vipindi viwili. Kicheko hicho hakikutajwa popote kwenye kipeperushi, wala kwenye mkataba, wala sikupewa muda wa kujiandaa. Mwenye kukuletea barua hii ndiye yeye. Anasema ana safari ya Masumbwe kutafuta vipuri vya injini ya mtumbwi. Masumbwe haina ziwa. Nimemwachia aamini ninamwamini.

6. Jiko.

Namba sita haimo kwenye kipeperushi.

Wiki iliyopita Vaileth alinipigia simu. Unamjua, aliosha vyombo kwangu miaka tisa na sijawahi kumwona akilia, hata siku ile maji ya moto yalipommwagikia mguuni. Siku hiyo alikuwa analia. "Mama, wameng'oa jiko." Nikamwuliza jiko gani, kana kwamba yalikuwa mengi. "Jiko la Baba Limi. Wamelivunja kwa nyundo. Wanachimba duara la dhahabu palepale, Mama, wameshafika chini sana, wanatoa mawe kwa ndoo yanakwenda kusagwa."

Akanieleza yote. Kwamba kabla hujanijia na kipeperushi, mtu wako mwenye kujua udongo alipita nyuma ya jiko langu, akachota, akauosha kwenye karai, na udongo ukang'aa. Ukaambiwa mkanda wa dhahabu unapita chini ya masufuria yangu. Yaani ulikaa mezani kwangu, ukala maharage yangu, ukaniuliza habari za magoti, ukaniambia nimechoka, huku unajua.

Kuhusu dhahabu nitadai hapo chini. Kuhusu jiko sijui nidai vipi.

Theonest alilijenga kwa mikono yake mwaka aliozaliwa Limi. Alikanyaga udongo siku tatu, akachanganya na majani makavu, akaweka midomo mitatu kwa sababu nilimwambia miwili haitoshi, naye akasema mitatu nitashindwa kuihudumia. Nilimwonyesha. Kabla udongo haujakauka alichukua msumari akaandika M na T pembeni, chini, mahali ambapo mteja hawezi kupaona. Moshi uliziziba herufi zile mwaka wa kwanza. Mimi nilijua zilipo. Nikiwa napuliza moto nilikuwa nazigusa kwa kidole, basi, naendelea na kazi.

Kama ungeniambia, ningekata kipande kile nije nacho. Ungepoteza nini?

Siku ile sikupika. Watu walikuja wakakuta moto haujawashwa, wakakaa kwenye benchi bila kuuliza, kisha wakaondoka mmoja mmoja. Valerian alibaki. Alikaa mpaka jua likazama bila kutengeneza kitu chochote, jambo ambalo kwake ni kazi ngumu kuliko injini.

Vaileth ananiambia tena kwamba wanaoshuka humo ndani ni kina Fredy, wachimbaji walewale niliowalisha. Watano. Fredy mkewe amejifungua mwezi uliopita. Na kwamba kuta za duara hazina matimba ya kutosha, yale magogo ya kuzuia udongo usiporomoke, zimeshikiliwa na mbao za meza zangu za mgahawa. Mvua inanyesha huko kama inavyonyesha huku.

MADAI YANGU

Kutokana na hayo, nadai kwa heshima:

(a) Kiwanja changu cha Masumbwe nirudishiwe pamoja na vyote vilivyomo, juu yake, chini yake na katikati.

(b) Mkurugenzi wa miguu minne ahamishwe kutoka kwenye kiwanja changu. Au, kama haiwezekani, Mkurugenzi wa miguu miwili aje akae naye hapa muhula mmoja, wajifunze kupishana.

(c) Minandi wajengewe choo. Cha Mzee Boaz kipo, kinahitaji paa tu.

(d) Neno Karibea lifutwe kwenye vipeperushi vyote, na yule mwanamke wa kitanda cha bembea atafutwe popote alipo aombwe radhi kwa kuhusishwa na sisi.

(e) Jiko lijengwe upya, lenye midomo mitatu, na wewe mwenyewe, kwa miguu yako kwenye udongo, siku tatu, ukoo mzima ukitazama. Bila pilau.

Usipotekeleza nitakwenda baraza la kata. Nikishindwa hapo nitakwenda wilayani. Nikishindwa wilayani nitakwenda kwenye vyombo vya juu, na vikiniangusha vyote nitapanda basi niende Ushirombo kwa mama yako, ambaye ni mama mkwe wangu, ana miaka themanini na mbili, fimbo yake ya mkongojo ni ya mti mgumu, na bado anaamini wewe ni mhasibu wa parokia.

Nikomee hapo. Nisalimie mkeo, ambaye sina ugomvi naye na ninamwonea huruma. Nisalimie wazee wa ukoo, uwaulize pilau waliisagaje. Nisalimie karani na umwambie apunguze sauti. Limi anakusalimu kutoka chuo cha uuguzi. Anauliza lini unastaafu ukurugenzi. Mzee Boaz anakusalimu. Mama Mariana anakusalimu kwa wimbo. Wavuvi wote wa Nyabuhele wanakusalimu bila kukujua, kwa kuwa wanadhani ninamwandikia kiboko.

Wako katika ujenzi wa jiko,

Mektilda Luhende
(Mama Limi)

Nakala:
Mwenyekiti wa ukoo, Ushirombo.
Mwenyekiti wa kitongoji, Nyabuhele.
Kiboko (ibandikwe kwenye bikoni ya kusini).

NYONGEZA:

Shemeji, barua hii nimeifunga mara mbili na nimeifungua mara mbili. Valerian yuko mlangoni, mtumbwi umewashwa, naandika nikiwa nimesimama.

Ule udongo wa nyuma ya jiko uling'aa kwa sababu pale ndipo lilipokuwa pipa la kunawia. Miaka kumi na tisa wachimbaji walinawa pale kabla ya kula, mikono, nyuso, wengine mpaka miguu, na maji yakamwagika palepale. Dhahabu ile haikutoka chini, Shemeji. Ilidondoka kutoka juu. Chini ya jiko langu hakuna mkanda wowote; chini ya jiko langu kuna udongo, na chini ya udongo kuna udongo mwingine.

Nililijua hilo zamani. Mtu wako alipokuja kuchota, nilimwona dirishani, nikajua nawe utakuja nyuma yake. Wiki moja kabla ya kikao kile cha pilau mimi na Limi tulichota udongo wote wa pale penye pipa, kina cha goti, tukaupeleka kuoshwa. Dhahabu haikuwa nyingi. Ilitosha mabati na milango ya nyumba hii iliyokunjwa. Halafu nikajaza shimo kwa kifusi, nikakutilia saini. Na mgahawa ulishakufa: rashi ya dhahabu ilihamia upande wa Geita tangu mwaka juzi, wachimbaji wakaifuata, nikabaki na wateja watatu, na mmoja wao alikuwa wewe.

Kwa hiyo hukuniibia. Dai (a) nalifuta. Dai (b) pia, tumezoeana. La jiko libaki.

Nilikusudia kunyamaza. Nilitaka uchimbe, uchimbe mpaka utokee upande wa pili wa dunia, kwenye Karibea yenyewe, ukute kitanda chako kimefungwa tayari. Lakini Fredy yuko chini, na mbao za meza zile nazijua: mbili zina mchwa. Nimempigia simu jana, nimemwambia kila kitu. Akacheka. Akasema, "Mama Limi, unataka tutoke ili urudi uchimbe mwenyewe." Hataniamini mimi. Anakusikiliza wewe, na simu zangu hupokei. Nawe utaniamini, kwa sababu unajua nilivyo na hasira, na kwamba raha ya kukuficha ingekuwa tamu kuliko hii ya kukuambia.

Watoe leo. Si kesho, si baada ya mita tatu, leo. Valerian nimemwagiza asiondoke hapo mpaka awaone wote watano wamekaa juu ya ardhi.

Uwape chai. Na wakinawa, angalia maji yanamwagika wapi.